Kabla hujapanda mti kwenye chanzo cha maji

Masika yakikaribia, vijiji vyetu vya milimani hupokea gari la miche. Shule inapewa, kikundi cha akina mama kinapewa, ofisi ya kijiji inapewa. Siku ya kupanda miti ikifika watu hushuka bondeni pamoja, wakachimba mashimo kwa mstari ulionyooka kando ya kijito na kupanda miche mia mbili ya aina moja, imesimama kama askari wa gwaride. Mwaka unaofuata gari linarudi, na miche inapandwa palepale.

Nimeshika jembe katika siku kama hizo zaidi ya mara moja, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza: hapa, kabla ya jembe na shoka, paliota nini? Jibu halijapotea. Kwa mkazi wa Usambara Magharibi liko juu kidogo ya shamba lake, ndani ya misitu ya Magamba na Shagayu, na kila kijito kinachotoka humo kinapita katikati ya miti hiyo ya asili. Makala haya ni ya mtu mwenye shamba linalopakana na kijito, mwalimu mwenye kitalu cha shule, au mjumbe wa kamati ya maji anayetaka kujua miti ile imepangwaje ili aige mpangilio huo. Mifano yangu ni ya Usambara, lakini msomaji wa Kilimanjaro, Aberdare au Mlima Kenya atakuta karibu miti ileile kwa majina mengine. Mkulo wa Wasambaa ndio mseri wa Wachaga na ndio muthaiti wa Wakikuyu.

Miti ya koni, yetu na ya kuja

Ukitaja miti ya koni kwa Mtanzania, mawazo yake huenda kwenye misindano ya Sao Hill na mikrismasi ya Shume. Yote miwili ni wageni. Asili yao ni Mexico na nchi jirani zake, na imeletwa kwa ajili ya mbao. Miti ya koni ya kwetu ni mingine, nayo ni podo na mtarakwa. Wengi wanaipita bila kujua kwamba ni ya ukoo huo, kwa sababu haizai zile koni ngumu za magamba ambazo watoto huokota kuchezea.

Podo huzaa kitu kinachofanana na tunda. Zipo aina mbili za kukumbuka. Ya kwanza, ambayo hata kwa jina la kitaalamu inaitwa ya Usambara, ina majani membamba na huzaa mbegu ya mviringo ya kijani yenye ngozi laini, kubwa kama zambarau changa. Ya pili ina majani mapana zaidi, na mbegu yake hukaa juu ya kikonyo kilichovimba, chenye nyama, ambacho hugeuka chekundu au zambarau kikiiva. Weka moja kiganjani uitazame: utadhani mtu ameibandika mbegu juu ya peremende. Hondohondo, njiwa wa milimani na nyani wanaipenda, na ndio wanaoisambaza.

Mtarakwa nao huzaa vijitunda vya buluu iliyokolea, vidogo kuliko punje ya mbaazi. Majani yake si bapa; ni magamba madogo yaliyolaliana juu ya kitawi. Gome linachunika kwa vipande virefu vyenye nyuzi. Ukikwaruza ubao wake mkavu kwa kisu utakumbuka darasa la kwanza, maana harufu ile ni ya penseli, na mbao zake kweli zilisafirishwa nje kutengenezea penseli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandika waya mnene kutoka nyanda za Shume hadi kituo cha Mkumbara kwenye reli ya Usambara, magogo ya mitarakwa yakawa yanateremka hewani juu ya magenge. Kati ya jamaa zake wote wa jenasi moja duniani, mtarakwa peke yake ndio unaoota kwa asili kusini mwa ikweta. Msomaji wa Oman aliyewahi kupanda Jebel Akhdar ameshakutana na ndugu yake.

Simama ndani ya maji

Msitu wa kando ya kijito husomwa vizuri zaidi ukiwa umesimama majini, kina cha kifundo cha mguu, ukitazama ukingo mmoja tangu miguuni kwako hadi juu. Magamba ni hifadhi, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu upate kibali, na ikiwezekana mtu wa kukuongoza. Vaa buti. Asubuhi mawe yanateleza vibaya.

Mawe hayo ndiyo tabaka la kwanza. Yamefunikwa na ukoga wa kijani mnene kama zulia. Ukiukamua kiganjani unatoa maji kama dodoki. Penye mawe yenye kivuli huota ua dogo la zambarau ambalo leo linauzwa ndani ya vyungu kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani wa Tanga, aliliona huku Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Aina mojawapo baadaye ikapewa jina la Shume. Akina mama wa Kisambaa walikuwa wakilipita kila siku na mitungi yao kichwani, lakini hilo halikuandikwa popote.

Nyuma ya mawe kuna mimea laini yenye shina la maji: pilipili mwitu, begonia, na ile mimea ya maua ya waridi na meupe ambayo ganda la mbegu likiiva, ukiligusa, hupasuka ghafla na kurusha mbegu. Juu yake yanasimama makangaga ya kila namna, pamoja na kangaga-mti, lenye shina jeusi la nyuzinyuzi na majani yaliyofunguka kama mwavuli, refu kuliko nyumba. Penye uwazi kidogo kuna mgomba mwitu. Hautoi ndizi za kula, lakini majani yake makubwa huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijafika kwenye udongo.

Inayofuata ni miti ya majani mapana inayostahimili kulowa miguu. Mzambarau mwitu ndio mkuu wa hapa. Mizizi yake hutoka ukingoni, ikaingia majini na kusokotana kama kikapu, na udongo ulio nyuma ya kikapu hicho hauondoki hata mafuriko yakipita juu yake. Pamoja nao utaona mti wa gome la kijivu laini ambao wataalamu huuita Ilex mitis, na mahali palipoanguka mti mkubwa, Macaranga, wenye majani mapana ya umbo la moyo. Macaranga ni mti wa haraka. Pakitokea pengo msituni, wenyewe ndio wa kwanza kuliziba, halafu huwapisha wengine wanaokua polepole chini ya kivuli chake. Ukumbuke mti huu, nitaurudia.

Hatua ishirini au thelathini kutoka majini, mteremko unapoanza kukaza, ndipo msitu unapochanganyika kwelikweli. Mikulo minene na podo za majani mapana zinasimama bega kwa bega, na mishai yenye vilele bapa iko kati yao. Mkulo hujulikana kwa jani: juu kijani, chini jeupe, na upepo ukivuma mti mzima unang'aa kana kwamba umegeuzwa nguo. Liponde jani hilo kati ya vidole unuse. Ni harufu ya kafuri, ile ambayo watu wa pwani huiita karafumaiti. Karibu na hapo unaweza kuukuta mti ambao Wakikuyu huuita muiri. Jani lake likipondwa hunukia lozi chungu. Gome lake hutafutwa na watengenezaji wa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo ukimwona mtu anauchuna, usidhani anatafuta kuni.

Mtarakwa hauko hapa. Huo uko juu kabisa, mgongoni mwa mlima, na hasa upande wa Shume unaotazama nyika ya Mkomazi, ambako mvua ni chache na jua ni kali. Unapenda mwanga, na mche wake hauwezi kukulia ndani ya giza la mikulo. Mara nyingi hushika ardhi iliyoungua au iliyo wazi, ukaishi miaka mingi mno, na taratibu miti ya majani mapana ikaota chini yake na kuirithi ardhi hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia mche wa mtarakwa uupande penye chemchemi, amekuuzia mti mzuri wa kupandwa mahali pengine.

Kwa nini mchanganyiko

Msitu huu hupata maji kwa njia mbili. Moja ni mvua, ambayo kila mtu anaijua. Nyingine ni ukungu. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi yakigota kwenye mlima hupita katikati ya majani, na kila jani, kila ukoga, na zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya podo kama ndevu za babu, hunasa vitone. Ukilala kambini pembeni ya msitu usiku usio na mvua utasikia matone yakidondoka hadi alfajiri. Jani jembamba la podo na jani pana la mkulo hayanasi ukungu kwa namna moja, na tabaka zikiwa nyingi, kinachoponyoka juu hunaswa chini.

Majani makavu nayo yana kazi. Majani laini ya Macaranga yakianguka majini huoza upesi na kuwa chakula cha wadudu, na wadudu ni chakula cha vyura na kaa. Jani la podo ni gumu na huoza polepole. Linabaki chini kama tandiko, likizuia udongo usipigwe na mvua. Na mizizi pia haifanani: mmoja unasuka ukingo, mwingine unachimba kwenda chini, na ya kangaga inashika ule udongo wa juu ambao ndio wa kwanza kuondoka.

Faida ya mpangilio huo haiishii huku Lushoto, Usambara Magharibi. Mto Umba unaanzia msitu wa Shagayu, unashuka hadi nyanda kavu za chini, unavuka mpaka na kuingia baharini Vanga, nchini Kenya. Mvuvi wa Vanga anayeona mikoko yake ikizidiwa na tope anaona udongo wa shamba la karoti ambalo hajawahi kulikanyaga.

Makosa tunayofanya

Mabonde ya Lushoto yana udongo mzuri na maji mwaka mzima, na kabichi, karoti na pilipili hoho zake zinakwenda hadi masoko ya Dar es Salaam. Simlaumu mkulima anayelima mpaka majini. Ekari moja bondeni inasomesha mtoto. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mguu wa mtu mzima hiyo ni takriban hatua themanini. Kenya wametumia kipimo cha upana wa mto wenyewe: kanuni zao za maji za 2007 ziliweka kati ya meta 6 na 30 kila upande. Katika bonde jembamba, hatua themanini zinaweza kumeza shamba zima la mtu, na hapo ndipo ugomvi huanza. Ushauri wangu ni kutosubiri siku ya operesheni. Nenda kwa afisa mazingira wa wilaya au ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo Umba pia uko chini yake, upimiwe mpaka wako, kisha panda masale juu ya mstari huo. Mchaga hahitaji kuelezwa masale ni nini. Ni mmea unaochipua kutoka kipande cha shina, hauli nafasi, na ukishashika hakuna anayebisha mpaka uko wapi.

Kosa la pili ni la wale wanaopanda kwa nia njema. Mkaratusi hukua haraka, unatoa nguzo na kuni, na sina ugomvi nao ukiwa mgongoni mwa kilima, mbali na maji. Ukipandwa penye chemchemi unakunywa kama ng'ombe wa kiangazi, na chini yake haioti mimea mingi ya kushika udongo. Miwati ni mibaya zaidi kwa sababu haionekani mibaya: inachanua njano, inarutubisha ardhi, lakini mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri moto au jembe, na kijito huzichukua hadi kwa jirani. Ukiikata bila kung'oa vichipukizi mwaka hadi mwaka, umeipalilia tu. Kule Amani, Usambara Mashariki, mti uitwao mhesi ulipandwa kwenye maeneo yaliyovunwa mbao, hondohondo wakala matunda yake, na leo uko ndani ya msitu mahali ambapo hakuna binadamu aliyeupanda.

Namna ya kuanza

Usianze na podo. Najua unaitamani, na mimi nilianza nayo. Nilipanda miche yangu kumi na miwili juani, kando ya mfereji, na nilibakiwa na mmoja. Mwaka wa kwanza pumzisha ukingo. Usilime, usichunge, usifyeke makangaga yanayojichipulia. Utashangaa yanayorudi yenyewe ikiwa msitu hauko mbali, kwa sababu ndege wanapita.

Kisha panda ile miti ya haraka: mizambarau mwitu mstari wa maji, Macaranga na mishai nyuma yake. Usipande kwa mstari. Weka mitatu hapa, miwili pale, acha pengo. Mbegu za mzambarau mwitu hazivumilii kuwekwa: menya nyama, ziingize kwenye viriba siku hiyohiyo au kesho yake. Muiri ni vivyo hivyo. Ukizianika juani kama mahindi, umeziua.

Kivuli kikishafika kimo cha kukuzidi, ndipo zamu ya mikulo na podo. Mkulo hauaminiki kwa mbegu, maana nyingi huliwa na wadudu zingali mtini. Mti wenyewe hupendelea kuchipua kutoka kwenye mizizi, na machipukizi hayo yakitolewa na kipande cha mzizi huweza kukuzwa kitaluni. Usiende kuyachimba hifadhini. Tafuta mkulo uliobaki kwenye shamba la mtu, au uliza Wakala wa Misitu kama wanayo miche.

Podo inataka mbegu mbichi, kivuli, na subira. Ina siri moja ambayo watu wa vitalu wengi hawaijui: mizizi yake ina vijinundu vidogo vinavyokaliwa na kuvu ya udongoni, na mche hunenepa ukiipata kuvu hiyo mapema. Chota mikono miwili ya udongo chini ya podo kongwe, changanya kwenye udongo wa viriba. Podo kongwe hazikosekani. Tazama nyuma ya kanisa la zamani la misheni au kwenye uwanja wa shule ya bweni. Mwagilia kidogo. Kiriba kinachotuama maji huozesha mzizi kabla jani halijaonyesha dalili.

Mtarakwa upande juu, kwenye ukingo wa shamba unaopata jua, ukitaka nguzo za wajukuu. Mchwa hawali ubao wake, ingawa miti mizee huoza kiini na kubaki ganda, kwa hiyo usistaajabu ukiukata mtarakwa mkubwa ukakuta ndani kuna bomba.

Neno la mwisho kuhusu idadi. Podo zina dume na jike, kila mmoja na mti wake, na mche hauonyeshi ni upi. Ukitaka zizae na ndege wazisambaze, panda saba au nane karibukaribu. Jirani yangu alipanda mmoja mbele ya nyumba mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Kijana ameshaoa, mti umeshapita paa, na bado tunaubishania kila tukikaa chini yake.